Babu Aliyenyimwa Kidari

Babu yangu alikwenda vitani kwa ajili ya nyama. Analisema hilo mwenyewe, na wageni wakimsikia hucheka wakidhani ni utani wa uzee. Si utani. Tarishi wa mangi, mtawala wetu wa wakati ule, alipopita huku mlimani akitafuta vijana wa kumpelekea Mwingereza, alisema askari anakula nyama kila siku, na haigombewi, maana kila mtu ana kopo lake. Babu alikuwa kijana katika nyumba ambayo nyama ililiwa Krismasi na msibani tu. Alimwachia mdogo wake mbuzi aliokuwa akiwachunga, akamfuata tarishi mpaka Arusha mjini kwa miguu. Kutoka hapo alipandishwa gari, kisha treni, kisha meli, akashushwa Burma. Nyama ya kopo aliikuta kweli. Anasema ilikuwa na ladha ya bati.

Mimi ni mjukuu wake wa kike. Baba yangu ndiye kitinda mimba, na kwa desturi ya Wameru kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba yake. Kwa hiyo kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, ni chetu, na Babu ni wetu pia. Baba anaendesha lori la mtu mwingine mpaka Tunduma, anarudi akipata nafasi. Mimi na mama ndio tunaomwogesha Babu, tunamkata kucha na kumsagia chakula, kwa sababu meno yalishaisha. Niliishia darasa la saba. Asubuhi nateremka njia ya Nkoaranga mpaka barabarani, nakwenda shamba la maua Usa River kupanga mawaridi kwa urefu wa shina. Jioni nakuta Babu amekaa kwenye kiti chake nje, ananingoja aanze kulalamika.

Huwa ananiita mke wangu, kama babu wengi wanavyowaita wajukuu wao.

"Mke wangu, leo umechelewa. Umepata bwana huko kwenye maua?"

"Hapana Babu."

"Basi wana macho mabovu huko. Lete uji."

Ninaandika haya kwa sababu mwaka huu baba mkubwa, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliamua kumfanya Babu kuwa shujaa. Kabla sijafika huko, lazima nieleze habari ya kidari, la sivyo mtu atasoma akidhani familia yetu ina wazimu. Wazimu upo, lakini una sababu zake.

Kwetu mnyama akichinjwa hagawanywi hovyo. Kidari, yaani nyama ya kifua, ni cha wazee. Mgongo ni wa akina mama. Shingo na utumbo ni vya vijana waliochinja. Hakuna aliyeyaandika hayo mahali popote, lakini ukikosea utaitiwa kikao. Na mzee si mtu mwenye mvi. Mzee ni mtu ambaye rika lake limepandishwa. Zamani vijana wote wa rika moja walikusanywa, wakachinjiwa dume, na kila mmoja akalishwa kipande cha kidari kwa mkono wa mtu wa rika la juu yao. Ukishakula hapo wewe ni mzee, hata kama ndevu hazijajaa. Usipokula wewe ni kijana, na utabaki kijana mpaka mgongo upinde.

Aliyekuwa safari aliwekewa fimbo. Baba yake aliishika fimbo ya mtoto wake, ikapakwa mafuta ya kidari, ikahesabiwa kwamba mwenye fimbo amekula. Utaratibu mzuri tu. Rika la Babu lilipandishwa yeye akiwa bado vitani, na fimbo yake ilikuwapo nyumbani, imesimamishwa nyuma ya mlango.

Bahati mbaya, muda mfupi kabla ya siku hiyo alirudi askari mwingine wa huku kwetu, amepigwa risasi ya mguu. Alipoulizwa habari za Babu alisema alimwona kwa macho yake amelazwa chini, amefunikwa uso kwa blanketi. Watu wakalia. Mtu aliyekufa hawekewi fimbo. Baba yake Babu aliivunja ile fimbo kwenye goti, akaitupa kwenye mfereji, na rika likapanda bila Babu.

Babu anasema alikuwa na homa, na uso alijifunika mwenyewe.

"Kwa nini ulijifunika Babu?"

"Nzi. Wewe hujawaona nzi wa Burma. Wa huku ni malaika."

Aliporudi, na koti lake kubwa na blanketi lake la kijivu, mama yake alipiga yowe akakimbilia kwenye migomba. Walipomaliza kulia, kucheka na kumshika-shika kuhakikisha, ikachinjwa mbuzi. Babu akanyoosha mkono kwenye kidari pamoja na wenzake aliokua nao. Mzee mmoja akaushika mkono wake. Akapewa shingo.

Babu mwenyewe ndiye anayeigiza sehemu hii. Anashika mkono wake mmoja kwa mkono mwingine na kuusukuma pembeni, taratibu, kama mtu anayemwondoa paka mezani. Nadhani kati ya yote aliyofanyiwa, ule upole wa yule mzee ndio uliomuuma zaidi. Afadhali angepigwa kofi.

Wazee walikaa kikao. Hakuna aliyekataa kwamba wamekosea. Walikubali kwamba mtu yu hai, anaonekana, ananuka jasho. Lakini walisema rika halipandishwi kwa mtu mmoja mmoja. Dume halichinjwi mara mbili. Asubiri rika linalofuata, apande nalo.

Rika linalofuata walikuwa watoto aliowaacha wakichunga mbuzi wakiwa uchi.

"Nimezika watu huko," Babu aliwaambia. "Nimezika Wazungu na Wahindi na watu wa Nyasa. Nikae mstari mmoja na watoto wenye kamasi, nilishwe kama kifaranga?"

"Basi kaa na shingo," wakamwambia.

Akakaa nayo. Wale watoto wenye kamasi walikua, wakapanda, wakaanza kula kidari mbele yake. Kisha wakapanda waliowafuata wale. Babu alilima kahawa yake, alioa, alizaa, alibatizwa, akajenga nyumba ya kwanza ya bati katika mtaa wetu. Kila aliposhiriki sherehe aliletewa shingo kwenye jani la mgomba. Hakuila hata siku moja. Alikuwa akinyanyuka nayo, anakwenda nayo mpaka penye mbwa, anaitupa, na kurudi kukaa. Mama anasema alipoolewa hapa alikuta mbwa wetu ni wanene kuliko wa mchungaji.

Mimi nikiwaza sana naona pande zote mbili hazikuwa na akili. Wazee walikuwa na kosa mikononi mwao na wakaliita sheria. Babu naye alikuwa na njia ya kutoka, siku moja tu ya kukaa na watoto wa watu, akaona afadhali miaka yote ya maisha yake. Niliwahi kumwambia. Ilinichukua muda kupata ujasiri, nikamwambia nikiwa namkata kucha, bila kumwangalia.

"Babu, si ungekaa tu na hao watoto siku ile yaishe?"

"Mke wangu, una akili ya kuku."

Hasara haikuwa ya nyama peke yake. Shangazi zangu walipoposwa, Babu hakuruhusiwa kukaa ndani na wazee. Mtu asiyepandishwa hasemi kwenye posa. Mdogo wake, yule aliyeachiwa mbuzi, ndiye alikaa akazungumza, na Babu alitumwa kupasua kuni nyuma ya nyumba. Alikuwa anapasua anasikia binti yake akipangiwa mbuzi na pombe. Bunduki ya Mwingereza aliruhusiwa kushika. Kusema binti yake aende kwa nani, hapana.

Kanisani nako hakukumsaidia. Mchungaji mmoja wa zamani alimwambia mambo ya rika ni mambo ya giza, ayaache. Babu akafurahi, akamwalika mchungaji kwenye ubatizo wa mtoto, akachinja. Kidari kilipotoka jikoni, mchungaji akasogeza kiti chake upande wa wazee.

Sasa rika la Babu limekwisha lote. Waliompa shingo wamekufa, watoto wenye kamasi wamekufa isipokuwa wawili ambao hawatambui hata wake zao. Anayeongoza ukoo sasa, ambaye sisi tunamwita mshili, alizaliwa Babu akiwa ameshatoka vitani. Ni mzee wa kofia pana na viatu vya matairi, na kila akipita kwetu anasimama mbele ya Babu, anavua kofia na kuinama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeniletea shingo?"

"Aah, baba, bado tu!"

"Bado. Wewe umesahau?"

Mshili anacheka, anavaa kofia, anaondoka. Anampa shikamoo kama baba yake, na kwenye sherehe anamtumia shingo kama mtoto wake. Kichwani mwake hayo mawili hayagongani kabisa.

Basi baba mkubwa akapiga simu. Huwa anapiga kwa mama, na mama anaweka sauti ya nje ili Babu asikie.

"Mama wa hapo, mwambie mzee tunamfanyia jambo kubwa. Anatimiza miaka mia moja!"

"Nani amehesabu?" Babu akauliza.

"Baba, shikamoo! Tumehesabu kwa vita, baba. Ukiangalia vita na ukiangalia umri wa askari, inakuja mia moja kabisa. Wewe ni historia, baba. Watoto wa siku hizi hawajui. Nimealika watu wakubwa. Kutakuwa na mahema, matarumbeta, MC, na mtu wa kupiga picha kwa ile ndege ndogo."

"Ndege?"

"Ndogo, baba. Inapiga picha kutoka juu."

"Mara ya mwisho ndege kunipitia juu nililala kwenye matope," Babu alisema. "Mwambie abaki nayo."

Baba mkubwa anakaa Kimandolu katika nyumba ya ghorofa yenye geti linalojifungua lenyewe. Kwa Babu anafika Pasaka na Krismasi, anaacha mchele na mafuta, anapiga picha ameshika mkono wa Babu, anaondoka kabla matope hayajakauka kwenye gari. Simlaumu kwa mchele. Lakini mtu ambaye hajui baba yake hana meno, akamletea mahindi ya kuchoma, huyo akisema historia mimi natafuta pa kuangalia.

Alitaka Babu avae sare ya jeshi. Koti lile la zamani liliisha kwa nondo kabla sijazaliwa. Akanunua kitambaa chenye mabaka ya kijani, mtu akamwambia raia akionekana na kitambaa hicho atajieleza polisi, akakirudisha. Mwishowe fundi wa mjini akashona suti ya kijani yenye vifungo vya dhahabu na mikanda mabegani. Babu alipoijaribu alifanana na wale watu wanaofungua milango ya hoteli za watalii. Kifuani baba mkubwa alining'iniza medali tatu zenye utepe, alizozitoa duka la michezo. Nilisogea nikasoma moja. Imeandikwa Mshindi wa Pili.

Nikamwambia Babu, kwa sababu nilidhani ana haki ya kujua anachovaa.

"Mshindi wa pili?" Babu alisema. "Wa kwanza nani?"

"Baba, hiyo haionekani kwenye picha," alisema baba mkubwa.

"Haya. Sikiliza. Nitavaa nguo yako hii ya bawabu. Nitakaa chini ya ndege yako. Lakini nataka kidari. Nataka nipewe mbele ya watu, kwa mkono wa mzee, kama walivyopewa wenzangu. Bila hivyo sitoki chumbani, na utawaambia wakubwa wako shujaa ana tumbo la kuhara."

Baba mkubwa alicheka kwa kufarijika. "Kidari tu? Baba, nitachinja mbuzi kumi, utapata vidari kumi!"

Babu akanigeukia mimi. "Huyu nilimpeleka shule," akasema.

Baba mkubwa alikuja kuelewa alipomwendea mshili. Wazee walikaa sebuleni kwetu, kwenye makochi yenye vitambaa vya mama, na mimi nilikuwa nikipita na chai. Babu alikuwa chumbani na mlango uko wazi. Kikao kilichukua mchana mzima, na sijawahi kusikia watu wazima wakizungumzia kifua cha mbuzi kwa uchungu namna ile.

Mshili alisema, "Tatizo si sisi kukataa. Tatizo ni nani atamlisha. Kidari kinatoka kwa rika la juu kwenda la chini. Rika la juu ya huyu baba yetu halina mtu hata mmoja. Sisi kwake ni watoto. Mtoto ampandishe baba?"

"Tuwaulize Waarusha wa kule Olmotonyi, nao wana marika kama yetu," mwingine akasema. "Labda wana mzee."

"Wa umri gani? Mia na ishirini?"

"Labda kidari kiwekwe mezani," akasema wa tatu, "halafu baba akichukue mwenyewe. Hapo hakuna aliyempa."

Kutoka chumbani sauti ya Babu ikasema, "Mimi si paka!"

Wakanywa chai. Baba mkubwa akatazama saa yake na kusema jamani, ni nyama tu, tusonge mbele, kadi za mwaliko zimeshatoka. Wazee wote wakamgeukia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza nilimwona baba mkubwa akiomba radhi. Kikao kikafungwa kwa sala. Uamuzi ukawa ni kwamba haiwezekani.

Kesho yake mchana gari la baba mkubwa lilisimama nyumbani kwa mshili. Sikwenda kuchungulia. Nilikuwa natoka kazini zamu ya asubuhi, na nyumba ya mshili iko njiani. Niliona blanketi mbili mpya zikishushwa, zile nzito za rangi ya damu ya mzee, na kreti za bia. Wale wazee wengine nao walikuwapo. Jioni hiyohiyo mshili alikuja kwetu kusema kwamba wamefikiri zaidi, na wamekumbuka kuwa zamani, rika likiisha, kiongozi wa ukoo aliweza kushika nafasi yake. Jambo lilikuwapo siku zote. Lilikuwa limesahaulika tu.

Jambo lililoshindikana tangu enzi za Mwingereza lilikumbukwa kwa blanketi. Nilikaa nalo usiku kucha likinichoma. Babu alikuwa hajaonekana na furaha namna ile tangu nizaliwe. Aliomba kunyolewa. Aliomba maji ya moto zaidi. Aliniuliza kama kidari kitachemshwa au kitachomwa, maana cha kuchoma kitamsumbua. Nilijua ningenyamaza angekwenda kwenye siku yake bila doa. Lakini mimi ndiye ningekuwa nimemvisha kitu kingine chenye maandishi ya uongo kifuani, na yeye asijue.

Nilimwambia asubuhi nikimpaka mafuta miguuni.

"Babu, wazee walipewa vitu."

"Vitu gani?"

"Blanketi. Na bia."

"Blanketi ngapi?"

"Niliona mbili."

Akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu. Nikaogopa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika na nikagundua anacheka, akacheka mpaka akakohoa, mama akaja mbio na maji.

"Mimi nilirudi na blanketi la jeshi," alisema alipopata pumzi. "Sufu tupu. Ningelijua! Ningempa yule mjinga blanketi, nikala siku ileile." Akafuta macho. "Nivalishe. Tunakwenda."

"Bado unataka Babu?"

"Nakitaka kuliko jana."

Mahema yalikuwa uwanja wa shule, meupe, na viti vimefunikwa vitambaa vyenye mafundo mgongoni. Watu wakubwa wa mjini walikaa mbele wakijipepea na kadi. Tulimwingiza Babu kwa kiti cha magurudumu, matarumbeta yakapigwa, ile ndege ikaja juu ikilia kama nyigu, na Babu akaifuatisha kwa macho kwa chuki mpaka ikaondoka. MC alikuwa kijana wa mjini mwenye suti inayong'aa.

"Shujaa wetu! Simba wa Burma! Aliyempiga Mjapani kwa mikono yake! Makofi tafadhali!"

"Nilikuwa nabeba maji," Babu aliniambia. "Sikumwona Mjapani mpaka walipokwisha kushindwa. Alikuwa mdogo, anaumwa tumbo."

Baba mkubwa alihutubia. Alisema baba yake alimfundisha nidhamu ya kijeshi na ndiyo siri ya biashara yake. Kisha ikaletwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa kwenye ubao na majani mdomoni, na watu wa mjini wakainuka na simu zao. Nyuma ya ndafu alikuja mshili na wazee wake. Mshili alikuwa amevaa blanketi jipya. Hakuona haya hata kidogo. Alibeba kidari kwenye jani la mgomba, cha mbuzi aliyechinjwa nyumbani kwake, kwa sababu wazee walikataa kutumia mbuzi aliyekwisha kuwekwa majani mdomoni.

Pale kelele zikatulia. Mshili aliongea Kimeru, maneno ya zamani ambayo hata mama hakuyajua yote. Alikuwa amevua kofia yake, na kwa muda kidogo nilisahau blanketi. Akakata kipande, akakiweka mdomoni kwa Babu. Babu akafumba macho. Hakuweza kutafuna. Alikifyonza, akakigeuza, akakifyonza tena, mafuta yakamshuka kidevuni juu ya vifungo vya dhahabu. Koo likapanda na kushuka. Amemeza.

"Mzee," mshili alisema.

"Mzee!" wakaitikia wengine.

Jani likawekwa mapajani mwake. Babu akapapasa nyama iliyobaki, akaishika, akageuza kichwa kunitafuta. Nilikuwa nyuma ya kiti.

"Mke wangu. Njoo mbele. Fungua mdomo."

Nilizunguka kiti, nikasimama ubavuni pake. Mbele yangu kulikuwa na uwanja mzima wa watu. Mwanamke hali kidari. Sijui nani alianza kusema hivyo lakini kwetu hata mtoto mdogo wa kike anajua kukipitisha bila kulamba vidole.

"Mzee!" mshili alipaza sauti. "Mzee, mwanamke hali kidari!"

"Umeniita nani?"

"Nimekuita... mzee."

"Kidari hiki cha nani?"

"Chako."

"Mzee akigawa chakula chake, anaulizwa na nani?"

Mshili ni mtu anayeijua sheria, na niliona ameshaona shimo lilipo, lakini alikuwa analiendea tu. "Anaulizwa na wazee wenzake. Wa rika lake."

"Waite," Babu alisema. "Waite waje waniulize. Wako kwenye migomba yao, wamelala. Piga kelele, labda watasikia."

Mzee mmoja alivua kofia akaikung'uta bila sababu. Baba mkubwa alimnong'oneza MC aweke muziki, na MC, ambaye hakuelewa chochote, akapaza sauti kwenye spika kwamba sasa mjukuu mpenzi analishwa na shujaa, makofi kwa mjukuu. Watu wa mjini wakapiga makofi. Simu zote zikanigeukia.

Babu alikuwa bado amenyoosha mkono. Ulikuwa unachoka, ulianza kushuka.

Nikainama, nikafungua mdomo. Kilikuwa kigumu. Upande mmoja kimeungua, upande wa pili hakikuiva, na chumvi haikuingia popote. Nilitafuna mbele ya mshili na blanketi lake, nikimwangalia usoni, mimi ambaye nikimsalimia huwa naangalia viatu vyake. Nilitafuna mpaka kikaisha. Ilikuwa nyama ya mbuzi. Kwa ajili yake mtu alipasua kuni huku binti zake wakigawiwa.

"Kitamu?" Babu aliuliza.

"Hapana Babu."

"Nilijua," alisema, akanikatia kingine.